Baridi ya mwishomwisho wa kipupwe imenimalizia rozi, Dodoma hii hii. Nimekosea wapi?

Kisima cha Iyumbu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wasimamizi, naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa mbolea, ni mambo mawili tofauti.

Niko Iyumbu, Dodoma. Nyumba iko peupe, upande wa mashariki sina jirani hata mmoja, ni vichaka mpaka macho yachoke. Mbele ya baraza nina mashina kumi na mbili ya rozi, haibiskasi tatu, bogenvilia inayopanda getini, na waridi la jangwani kwenye chungu, zawadi ya shemeji yangu. Juni na Julai zilipita salama. Rozi zilidumaa tu: tumba linakaa wiki na zaidi halijafunguka, ila likifunguka wekundu wake unakoza kuliko wa Machi. Nikasema kipupwe cha Dodoma nimeshakizoea.

Katikati ya Agosti zikaja siku kama tano za joto la kweli. Mchana unavua sweta, usiku unasukuma blanketi pembeni. Nikajua baridi imeshaaga. Nikachukua mkasi, nikapogoa rozi zote, nikaweka mbolea ya kuku ndoo moja kwa mashina matatu, maji asubuhi na jioni. Wiki mbili baadaye zikatoa machipukizi mekundu, laini, urefu wa kidole, ukiyagusa vibaya yanakatika kama mchicha. Nikapiga picha nikatuma grupu la familia, nikasifiwa.

Halafu ule upepo ukarudi. Siku nne mfululizo. Kipimajoto cha banda la vifaranga nilikitundika kwenye nguzo ya baraza, alfajiri kikasoma nyuzi 12. Siku ya tatu machipukizi yakainama. Siku ya tano ncha zote zimekuwa nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyozimwa, na tumba zilizokuwa saizi ya punje ya hindi zimekauka zikiwa zimefumba vilevile. Haibiskasi zinaangusha majani ya njano kila asubuhi. Bogenvilia imebaki miba.

Nikate vilivyoungua sasa hivi au nisubiri? Na hii kweli ni baridi, au kuna kitu kingine nisichokiona?

Jirani wa Veyula

Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa hapa na kahawa yangu.

Pilipili Mbuzi

Baridi hii mimi mwenyewe nimepauka mpaka magotini, itakuwa rozi? Kaipake mafuta ya mgando.

Kibena cha Juu

Nyuzi 12 nanyi mnaita baridi? Njooni Njombe Julai. Unaamka majani yamepigwa sakitu, meupe kama yamemwagiwa chumvi, unakanyaga yanalia chakachaka. Jua likichomoza kidogo, viazi shamba zima vinageuka vyeusi kama vimepikwa. Hilo la kwako, mkuu, ni feni.

Kisima cha Iyumbu

Mkuu, nyie huko mnalala na majiko chumbani. Mimi nina rozi zinazokufa.

Ndoo ya Chumvi

Mleta uzi, unamwagilia maji gani? Jina lako lenyewe linajibu. Nimekaa Dodoma miaka kumi na sita, nimeua maua ya kila aina, na adui huwa mmoja: maji ya kisima yenye chumvi. Kipindi cha kiangazi ndiyo kabisa, hakuna mvua ya kuisukuma chini, kila ndoo unayomwaga inaongeza chumvi juu ya chumvi. Ukiangalia udongo wako utaona ukoko mweupe. Baridi unaisingizia tu.

Kisima cha Iyumbu

Ukoko upo, siwezi kukataa. Kisima chetu ukikogea sabuni haitoi povu.

Ndoo ya Chumvi

Basi uzi ufungwe.

Mama Kitalu

Usifungwe bado. Nauza miche Dodoma tangu watoto wangu wako shule ya msingi, leo nina wajukuu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Mwanangu Kisima, kabla ya kubishana nenda kaangalie. Chumvi huanzia majani makongwe, ya chini. Hukausha kingo za jani kama limepitiwa na pasi, halafu huenda taratibu, wiki kwa wiki, shina zima pande zote. Baridi yenye upepo haina adabu hiyo. Hupiga juu, hupiga kichanga, hupiga ndani ya siku mbili tatu, na mara nyingi hupiga upande mmoja. Zunguka kila shina, uniambie ni upande gani ulioungua. Na kama kuna shina lolote limejificha nyuma ya kitu, nalo ulitazame.

Kisima cha Iyumbu

Shikamoo mama. Nitaangalia asubuhi.

[Siku iliyofuata]

Nimezunguka na kikombe cha chai mkononi. Upande wa mashariki ndio umeungua. Upande wa ukutani machipukizi mengi yako hai, yamesinyaa tu. Sasa kuna kitu sikukitaja jana kwa sababu nilikuwa nimelisahau: shina la kumi na mbili liko nyuma ya banda la kuku. Ni vipandikizi vya mama mmoja na mengine, maji ya kisima kilekile, lilipogolewa siku ileile. Halijapoteza hata ncha moja, na lina tumba tatu.

Ndoo ya Chumvi

Kwa rozi nimenyoosha mikono. Kwa haibiskasi bado nasimama na chumvi yangu.

Mwewe wa Mawingu

Niongeze la anga kidogo, maana watu hushangaa Dodoma iko karibu na ikweta baridi inatoka wapi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikishakwisha kwenye Aprili au Mei, mawingu hupungua na hewa inakuwa kavu. Mawingu ni blanketi: yasipokuwepo, joto ambalo ardhi imekusanya mchana linapaa lote usiku. Ndiyo maana mchana unatoka jasho na alfajiri unatafuta koti, siku hiyohiyo moja.

Juu ya hapo ongeza upepo. Miezi ya Juni mpaka Agosti ni majira ya baridi upande wote wa kusini mwa dunia, na ule mgandamizo mkubwa wa hewa wa Mascarene, kule Bahari ya Hindi, ukiimarika unasukuma upepo wa kusini mashariki mpaka kwetu bara. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa miezi hiyo mitatu, lakini upepo hausomi kalenda. Septemba nao huja, na ukija baada ya siku za joto unauona mkali mara mbili.

Na hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji. Mwenye bustani bondeni anaamka na baridi zaidi kuliko mwenzake wa mteremkoni, hata kama wanasikia adhana ya msikiti mmoja.

Jirani wa Veyula

Kumbe ndiyo maana kwa shemeji yangu kule mtoni hata mpapai unadumaa.

Mama Kitalu

Haya, sasa nijibu swali la msingi, maana wengi mnadhani Kisima aliponzwa na nyuzi 12. Nyuzi 12 aliziona Julai na rozi zikapona. Kilichobadilika ni nini? Ni rozi zenyewe.

Baridi ya Juni huja kwa hatua. Leo kidogo, kesho kidogo, na mmea nao unajikaza: unapunguza kukua, jani linakuwa nene, gumu, lina nta. Ndiyo maana Julai yote zilidumaa lakini hazikufa. Zile siku tano za joto zikaulegeza. Halafu ukaja mkasi, na mkasi kwenye rozi ni amri ya kuamka. Juu yake ukaweka mbolea ya kuku, ambayo ni kali kwa kukuza majani. Ukapata machipukizi yaliyojaa maji, ngozi nyembamba kama ya mtoto mchanga. Upepo ukayakuta hivyo.

Na hayakufa kwa baridi tupu. Udongo ukipoa, mizizi inavuta maji kwa uvivu. Wakati huohuo upepo mkavu unanyonya maji kwenye majani tangu asubuhi mpaka jioni. Chini hakupandi, juu kunatoka. Mmea unakufa kiu huku umesimama kwenye tope. Wewe ukiona umesinyaa unaongeza maji, tena ya jioni, ya tanki lililopigwa na upepo, na mizizi inazidi kupoa. Haibiskasi zako, na hapa nampa Ndoo nusu ya haki yake, zinalia kwa hayo mawili: chumvi na miguu ya baridi. Asili yake ni nchi za joto, na mimea mingi ya namna hiyo huanza kuumia ikikaa kwenye nyuzi 10 mpaka 12 hivi, hata kama barafu haijawahi kuonekana mji huo.

Sasa fanya hivi. Mkasi uweke kabatini. Usikate hata ncha moja nyeusi mpaka upepo utulie, kwa sababu ukikata leo unaamuru machipukizi mengine, na yakikutwa tena shina linamaliza akiba. Vile vilivyokufa vivikinge vilivyo hai vya chini. Maji mpe saa tatu asubuhi jua likishashika, yaende chini kwa kina, kisha siku mbili au tatu umwache. Mbolea hapana. Funika shina na matandazo, maganda ya alizeti yanapatikana kwenye mashine za kukamulia mafuta, unene wa viganja viwili, ila yasiguse shina lenyewe. Upande wa mashariki kafunge salfeti kwenye miti, kimo cha kiuno. Usiweke bati wala ukuta mzima, upepo ukigonga kitu kigumu unaruka juu na kushuka kwa kishindo nyuma yake. Salfeti lenye matundu linaupunguza kasi tu, na hilo ndilo tunalotaka.

Bogenvilia iache kama ilivyo. Ile haifi, imenuna. Usiionee huruma kwa maji, ukiinywesha sana itakupa majani matupu.

Wateja wangu wa Dodoma nawaambia wasipogoe rozi kwa kuangalia siku tano za joto. Pogoa kidogokidogo, mashina mawili matatu, usubiri wiki, halafu mengine. Ukikosea unakuwa umekosea kwa mashina matatu.

Kisima cha Iyumbu

Mama, hapo kwenye "miguu ya baridi" umenipata. Nilikuwa namwagilia saa moja usiku nikirudi kazini, na taa ya simu mdomoni.

Mswahili wa Bavaria

Nasoma huu uzi nikiwa Ujerumani nacheka peke yangu, maana mama mwenye nyumba wangu alinipa somo hilihili mwaka wangu wa kwanza.

Huku shida iko majira ya kuchipua. Machi na Aprili jua likitoka siku kumi, miti inafunguka yote, watu wanakimbilia kununua jeraniamu na miche ya nyanya. Wazee hawanunui. Wanasubiri wale wanaowaita Watakatifu wa Barafu, watakatifu wa kalenda ya kanisa kuanzia tarehe 11 mpaka 15 Mei: Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius, na wa mwisho Sophie, ambaye wanamwita kabisa Sophie Baridi. Mpaka Sophie apite, jeraniamu hailali nje. Mimi nilijifanya mjuaji, nikatoa zangu kibarazani mapema Mei. Asubuhi moja nikazikuta zimelala kama mboga iliyosahaulika kwenye maji ya moto.

Kuna utata kwenye hizo tarehe. Msemo ni wa kabla ya kalenda kurekebishwa mwaka 1582, siku kumi zikarukwa. Kwa hiyo siku wazee wa kale walizokuwa wanazisema, kwa kalenda ya leo zinaangukia karibu na tarehe 20 na kitu. Ndiyo maana bibi mwingine anakwambia subiri mpaka mwisho wa mwezi.

Alichosema Mama Kitalu kuhusu kujikaza na kulegea ni hivyohivyo. Tumba la tofaa likiwa limelala katikati ya baridi kali linavumilia nyuzi nyingi sana chini ya sifuri. Likishafunguka kuwa ua, kwenye kama nyuzi 2 chini ya sifuri unapoteza moja kati ya kumi, ukifika karibu 4 chini ya sifuri yanabaki moja kati ya kumi. Mti uleule. Aprili 2021 Ufaransa walipigwa hivyo: Machi mwishoni joto, zabibu zikachipua, halafu sakitu. Wakulima waliwasha mishumaa mikubwa usiku kucha katikati ya mashamba.

Wengine hufanya kitu ambacho ukikiona mara ya kwanza unadhani wamechanganyikiwa: wanayanyunyizia maua maji usiku wa sakitu. Maji yakiganda yanatoa joto kidogo, kwa hiyo mradi yanaendelea kunyunyiziwa mpaka asubuhi, ua ndani ya barafu linabaki kwenye sifuri, halishuki zaidi. Pampu ikizimika katikati ya usiku ndiyo umeua shamba.

Ndoo ya Chumvi

Na kwa mgao wa maji wa mtaani kwetu hiyo pampu ingezimika saa nne.

Pilipili Mbuzi

Kisima usije ukajaribu hiyo. Dodoma hakuna kuganda, utaziogesha tu rozi za watu usiku wa manane zipate nimonia.

Kibena cha Juu

Nilianza na utani, sasa niseme la maana. Huku Makete, juu Kitulo, zaidi ya mita 2,600, kuna maua ambayo watu wanatoka Ulaya kuja kuyapiga picha. Hifadhi ya Taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ukienda Julai utadhani umedanganywa: nyasi zimekauka, kahawia tupu, asubuhi sakitu. Okidi zake ziko chini ya udongo, zimekunja biashara zikawa viazi vidogo, zinasubiri mvua. Desemba mpaka Aprili ndiyo zinatoka. Hakuna okidi ya Kitulo inayodanganywa na siku tano za jua la Agosti. Rozi yako ni mgeni, haijui mila za hapo.

Zabibu Chachu

Nalima zabibu upande wa Hombolo, na Kisima nakuonya mapema kabla hujafurahi. Usiku wa baridi, mchana wa joto, hewa kavu: hayo ndiyo maisha anayoyataka ubwiri unga. Watu wanadhani ukungu wote unataka jani lililolowa, huyu hataki. Kwenye zabibu tunamwona kila mwaka, na kwenye rozi yupo, ingawa si yuleyule. Geuza majani machanga yaliyobaki. Ukiona yamejikunja na yana vumbi jeupe kama mtu amepuliza unga wa sembe, ndiye.

Sisi tunatumia salfa ya unga, asubuhi mapema au jioni. Usithubutu mchana wa jua kali, likipita nyuzi 30 salfa inachoma majani na utakuja hapa kufungua uzi mwingine. Kwa bustani ya nyumbani maziwa nayo yanasaidia, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, unanyunyiza jua likiwepo, unarudia kila wiki.

Kisima cha Iyumbu

Nimegeuza. Yupo kwenye mashina mawili. Nimeanza na maziwa kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo jikoni, mke wangu anauliza ni chai ya nani.

Mama Kitalu, nina la aibu. Lile waridi la jangwani liliangusha majani yote Julai. Nikadhani lina kiu, nikawa nalipa kikombe cha maji kila jioni. Leo nimelibonyeza lile tumbo lake, shina nene la chini, kwa kidole gumba, kidole kimeingia kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Limetoa maji ya kahawia na harufu.

Mama Kitalu

Pole mwanangu, hilo limeoza. Lilipoangusha majani lilikuwa limelala tu. Mimea hii ni ya nchi kavu za Afrika, kwetu hapahapa ipo porini, na lile tumbo ni tanki lake. Wakati wa baridi halinywi. Kikombe kila jioni kimelizamisha.

Jaribu kuliokoa: kisu kikali, kata juu ya palipooza mpaka uone nyama nyeupe tupu isiyo na doa. Acha kipande kivulini wiki mbili kidonda kikauke, kisha ukipande kwenye mchanga mkavu. Vaa glovu na usijishike macho, utomvu wake ni sumu. Wahadzabe huupika wakaupaka kwenye mishale.

Pilipili Mbuzi

Shemeji aliyempa zawadi yenye sumu ya mshale, kuna jambo hapo. Fuatilia.

Jirani wa Veyula

😂😂 Kahawa imenimwagikia.

Kisima cha Iyumbu

MREJESHO, wiki ya nne.

Upepo ulitulia baada ya siku tisa tangu nilipofungua uzi. Nilifunga salfeti nne za mahindi kwenye miti, wapita njia wakawa wananiuliza kama nafungua genge. Maganda ya alizeti niliyapata bure, nililipa bodaboda tu. Kuku waliyachakura siku ya kwanza, nikaweka matawi ya miba juu.

Juzi ndiyo nimetoa mkasi. Nilikata mashina matatu, nikashuka kila fimbo mpaka nilipoona kiini cheupe. Kwenye mashina mawili chini ya palipokufa kulikuwa na vijicho vyekundu, vidogo kama kichwa cha pini, vimeshaanza kutoka vyenyewe. Shina moja, lile la kwanza kabisa kona ya mashariki, ni kavu mpaka ardhini. Nimeling'oa.

Haibiskasi zimeacha kuangusha. Nakinga maji ya mgao kwenye pipa kwa ajili yake, kisima nimeiachia bogenvilia. Ndoo, umeshinda hiyo.

Waridi la jangwani kipande chake kiko juu ya kabati la vyombo, kidonda kimekauka kama ngozi ya ngoma. Sijui kama kitashika. Shemeji anakuja Jumapili, nimemwambia liko kwa fundi.

Lile la nyuma ya banda la kuku limefungua maua mawili jana.

Zabibu Chachu

Weka picha ya hilo la nyuma ya banda.

Ndoo ya Chumvi

Na mimi nahitaji vipandikizi vyake vitatu. Nitakuja kuvichukua mwenyewe, nakuja na maji yangu.